Madamu na Pembe ya Msaragambo

Nianze na ujinga wangu, ili anayetaka kunicheka anicheke mapema, tuendelee. Mimi ndiye niliyepiga pembe ya msaragambo Jumamosi ile asubuhi, kutoka juu ya jiwe lililo nyuma ya shule yetu, na hakukuwa na kazi yoyote. Niliipiga kwa sababu ya maandazi.

Kwa asiyetoka kwetu Upareni, msaragambo ni kazi ya wote. Mfereji ukiziba, barabara ikibebwa na mvua, pembe inalia na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Huulizi nani kaita. Unakwenda kwanza, maswali utauliza ukifika. Pembe ya kitongoji chetu, ya tandala, ilikuwa ikipigwa na babu, na babu alipofariki ikabaki kwetu ikining'inia kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Rafiki yangu Elisante akadai pembe imekufa. Eti siku hizi watu wanaitwa kwenye kundi la simu, na hata huko wanajibu kwa kidole gumba halafu wanajigeuza upande wa pili kitandani. Nikamwambia pembe ikilia watakuja. Tukawekeana dau la maandazi.

Walikuja. Nitafika huko. Kwanza nimseme Madamu, kwa sababu bila yeye mambo ya pembe yangeishia kuwa kesi, na kwetu kesi haiishi.

Madamu alitufundisha kemia na Kifaransa. Ndiyo, vyote viwili, mtu mmoja, kwenye shule ya kata iliyo juu sana kiasi kwamba ukungu huingia darasani bila kubisha hodi na kukaa dawati la nyuma. Kemia ndiyo aliyosomea. Kifaransa alikitoa wapi, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Wengine walisema aliuza vitenge mpakani kule Kigoma. Wengine walisema alilelewa na masista. Elisante aliapa kwamba aliwahi kuchumbiwa na fundi wa magari kutoka Kongo, wakagombana kwa Kifaransa mpaka akakijua. Siku moja nilimuuliza ipi ni ya kweli. Akasema, "Zote. Chagua itakayokusaidia kufaulu."

Alikuwa mfupi. Alivaa raba chini ya kitenge, na ufunguo wa stoo aliufunga kwenye pindo la kilemba. Alibeba kikapu cha vichupa vya dawa alivyookota zahanati na kuvichemsha, kwa hiyo alipokaribia darasa tulisikia vikigongana, tukapata muda wa kuficha tulichokuwa tunakifanya. Nadhani alijua. Nadhani ndiyo maana hakuwahi kuvifunga vitambaa.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Madamu aliuchukua utani huo akaufanya mbinu ya mtihani. "Swali ni hati ya mashtaka," alikuwa akisema huku akipita kati ya madawati. "Jibu ulichoshtakiwa. Usikiri makosa ambayo hujaulizwa." Niliwahi kuulizwa namna ya kutengeneza gesi ya haidrojeni. Nikaeleza, halafu karatasi ikabaki na nafasi, nikaona haya kuiacha tupu, nikaongeza matumizi ya haidrojeni, hatari zake na maoni yangu. Maoni ndiyo yaliyoniua. Madamu alirudisha karatasi ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu: "Mshtakiwa alikuwa ameshashinda. Akaendelea kuongea."

Ukilalamikia maksi, hakukasirika. Alifurahi. Alivuta kiti, akakunja mikono, akasema, "Rufaa imepokelewa. Toa hoja." Ukiwa na hoja, maksi zinapanda. Ukija na machozi, unarudishwa kuosha uso. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Rufaa, na alipogundua akaanza kuitika.

Kifaransa tulisomea mlimani, tukipanda. Sifanyi mzaha. Kutoka kisimani bondeni hadi shuleni kuna mpando unaoweza kumfanya mbuzi afikirie upya maisha yake, na Madamu alitupandisha na ndoo kichwani huku tukinyambua vitenzi. Hoja yake ilikuwa kwamba Kifaransa kinakaa puani, na mtu aliyepumzika anaongea kwa mdomo. "Subiri uchoke," alisema, "pua itafunguka yenyewe." Akina mama waliokuwa wakishuka na tangawizi kwenda sokoni walisimama pembeni kutupisha, wakatuonea huruma. Mmoja alimuuliza mama yangu kama tunafundishwa kikohozi.

Hata hivyo ilifanya kazi. Mpaka leo siwezi kusema sentensi ndefu ya Kifaransa nikiwa nimekaa. Lazima nisimame, na ikiwezekana nishike ndoo.

Maabara hatukuwa nayo. Shule ilikuwa na stoo ndefu yenye meza za saruji ambazo hazikuwahi kuona hata tone la maji, na juu ya meza hizo kulikuwa na madawati yaliyovunjika, yamepandana miguu juu kama mende waliopuliziwa dawa. Kwa hiyo Madamu alifundisha kwa alichonacho. Bomba la sindano lisilo na sindano ndilo lilipima ujazo. Limau ndiyo tindikali. Majivu ya maganda ya ndizi, yakilowekwa na kuchujwa, ndiyo besi. Na cha kutuonyesha ipi ni ipi yalikuwa maji ya rosela, yale yale tunayokunywa kwenye sherehe: yakikutana na limau yanawaka wekundu, yakikutana na maji ya majivu yanageuka kijani. Tulilijua hilo kama tunavyojua njia ya kwetu.

Tulilijua mno. Mtihani wa majaribio ulipokuja, akaazima kiashiria cha kweli kutoka shule ya bondeni, kile ambacho kwenye besi huwa cha njano. Njano kabisa, kama maganda ya ndizi. Darasa zima tukakitazama kile kichupa cha njano, tukaandika: kijani. Wote, bila kupeana majibu. Tulikuwa tumeshazoea.

Madamu alitupa sifuri ya swali zima, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa. "Mmeleta ushahidi wa jana kwenye kesi ya leo," akasema. "Andika unachokiona, si ulichokizoea." Kupika matokeo ndilo jambo lililomchukiza kuliko uvivu, kuliko utoro, kuliko hata mimi. "Kupika ni kwa jikoni," alikuwa akisema. Ukipata jibu baya lakini la kweli, anakupa pole na nusu ya maksi. Ukipata jibu zuri la kupika, unaosha vichupa mwezi mzima. Niliviosha sana vichupa vile. Viganja vyangu vilinuka limau mpaka mbuzi wa kwetu wakawa wananifuata.

Sasa mtu huyo, ambaye hakuwahi kutusamehe hata tone moja la uongo, alisema uongo mmoja mkubwa mbele ya kitongoji kizima. Na mtu huyo aliyewajibu wakaguzi bila kupepesa macho alikuwa akimwogopa bata. Bata wa mlinzi akikatiza uwanjani, Madamu alizunguka nyuma ya vyoo. Mwanadamu hakamiliki.

Tatizo lilianza paredi ya Jumatatu, mwanzoni mwa mwaka wetu wa mwisho. Mkuu wa shule si mtu mbaya. Ni mtu wa wastani: anaupenda wastani wa shule, anauota, na ukishuka anashuka nao. Alisimama mbele yetu akatangaza kwamba mtihani wa kemia kwa vitendo unataka maabara yenye maji, sisi hatuna, hivyo kidato cha nne hatutasajiliwa kemia. Na kwa kuwa ameshika panga, akaona akate na tawi la pili. Kifaransa nacho kiondoke, kisije kikatuharibia.

"Na kwanza," akasema, "huku juu Kifaransa mtaongea na nani? Na mbega?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi, maana mbega wa msituni kwetu wana nyuso za maaskofu, unaweza kabisa kuwawazia wakiongea Kifaransa. Madamu alikuwa amesimama kwenye mstari wa walimu.

"Mkuu," akasema, "mbega wakifika kidato cha nne nitawafundisha nao. Kwa sasa nina hawa."

"Madamu, hawa hawana maji."

"Bomba limelala nyuma ya ofisi yako tangu mwaka juzi."

"Linasubiri wataalamu wa wilaya waje kuchimba mtaro."

"Mtaro unahitaji mtaalamu?"

Mkuu akasema paredi imekwisha. Usajili ungefungwa mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, kama stoo haijapata maji, jina lako linaenda mbele bila kemia, na ndoto yako, kama ulikuwa nayo, inatafuta kazi nyingine. Mimi ndoto sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni hasira. Kuvikosa vitu viwili pekee ambavyo nilikuwa nimeanza kuviweza, kisa mtaro, kulinikaa kooni kama mfupa wa dagaa. Nilimwambia mama. Mama alikuwa anachagua mbegu za tangawizi, akasema, "Mtaro?" Akaendelea kuchagua.

Sasa turudi kwenye jiwe.

Jumamosi ile nilipanda na pembe ndani ya sweta, Elisante nyuma yangu akitabasamu kama mtu ambaye tayari anatafuna. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni. Nikapuliza. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya ndama mwenye mafua. Mara ya pili marehemu babu akanisaidia, sijui alikotokea, pembe ikalia ile sauti yake, ndefu, ikagonga mlima wa pili na kurudi.

Hapakuwa na kitu. Elisante akanyoosha mkono adai maandazi yake.

Halafu chini kwenye ukungu tukasikia jembe likigonga jiwe. Kisha lingine. Wakaanza kutokea kwenye migomba, wanaume na majembe mabegani, kina mama na karai, mabinti wa kwaya waliokuwa mazoezini, bibi mmoja na fimbo yake na panga. Walikuwa wanatembea haraka, hawaongei. Elisante akasema taratibu, "Umeshinda," na mara hiyo hiyo akatoweka. Mpaka leo anasema alienda kununua maandazi.

Nikajificha nyuma ya tangi kavu la shule. Uwanja ulijaa. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee ambaye hupenda mambo yawe na mpangilio, alifika akitweta, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kazi iko wapi?"

Watu wakatazamana.

"Pembe imelia kutoka hapa shuleni. Nauliza, nani kaipiga?"

Kupiga pembe bure kwetu si utani. Mtu aliyewahi kufanya hivyo bado anatajwa, na wajukuu wake wakienda kuposa wanaulizwa. Nilianza kuwaza kuhamia Tanga.

Madamu alikuwa stoo na baadhi yetu, akiosha vichupa. Akatoka, mikono imelowa. Aliuona umati. Halafu akaniona mimi nyuma ya tangi, na pembe imetokeza kwenye sweta kama mimba iliyokaa vibaya. Alinitazama kwa muda wa kutosha kwa mimi kusali sala mbili za madhehebu tofauti. Akapanda juu ya tofali.

"Nimeita mimi," akasema.

"Wewe Mwalimu?"

"Mimi."

"Kwa kazi gani?"

"Mtaro wa maji. Kutoka kwenye chanzo kule juu msituni mpaka stoo ile. Watoto wenu wanafutwa kemia mwezi huu kwa sababu hakuna maji, na bomba lile pale. Mimi sina mikono ya kutosha."

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Pembe haipigwi kienyeji, Mwalimu. Ulipaswa kuja kwangu kwanza. Una kosa."

"Ninalo," akasema Madamu. "Nitozeni."

"Utawalisha watu hawa."

"Nitawalisha."

Alikuwa na nini cha kuwalisha umati ule? Vichupa vya limau. Lakini bibi mwenye panga alikuwa ameshauliza mtaro unaanzia wapi, na watu wakaanza kupanda. Nilitupa pembe nyuma ya tangi, nikachukua jembe, nikachimba kama mtu anayejizika.

Jua lilipokaribia utosi nikamwona mama yangu akija na jirani zake wawili, kila mmoja ana sufuria kichwani. Makande. Mahindi na maharage, mengi, ya nazi kabisa, na unajua makande hayapikwi ghafla. Yeye alikuwa ameyaanzisha tangu pembe ilipolia. Alijua msumari wa nani uko wazi. Hakunitazama. Aliweka sufuria mbele ya Madamu, akamwambia, "Faini yako, Mwalimu," akaanza kupakua. Alipopita nyuma ya tangi akaokota pembe, akaifunga kwenye kanga, akaondoka nayo.

Mkuu alikuja na bodaboda wakati mtaro umeshafika nusu. Alishuka polepole, koti limejaa vumbi.

"Madamu. Nani ametoa kibali?"

"Kibali kiko njiani, mkuu. Bomba limetangulia."

Kabla hajajibu, mwenyekiti alimpa jembe. Mkuu akalitazama kama vile limeandikwa kwa Kifaransa.

"Mimi nasimamia, mzee."

"Kwenye msaragambo hakuna mgeni rasmi," akasema mwenyekiti.

Mkuu alivua koti. Alichimba vizuri, niseme ukweli. Maji yalifika stoo kabla giza halijaingia, ya udongo kwanza, kisha meupe, na Madamu aliyaonja, akayatemea dirishani, akasema hayana upande wowote, si tindikali si besi. Jumatatu madawati yale ya mende yalitolewa, na mkuu mwenyewe ndiye aliyewaita watu wa wilaya waje kuikagua "maabara yake". Tulisajiliwa sote. Pamoja na Kifaransa. Pamoja na mimi.

Nilimfuata Madamu kumwomba msamaha, nikamuuliza pia, kwa sababu siwezi kujizuia, imekuwaje yeye na uongo. Alikuwa anafuta ubao.

"Sikupika," akasema. "Niliita. Nimekuwa naita kazi hiyo tangu mwaka juzi. Wewe ulikuwa mdomo tu. Na mdomo huo huo utaosha vichupa mpaka siku ya mtihani."

Matokeo yalipotoka nilikuwa juu ya lile lile jiwe, maana ndipo penye mtandao. Darasani kwetu kemia haikumwangusha mtu. Mimi nilipata C ya kemia na B ya Kifaransa, na Elisante akanipita kemia, jambo ambalo sijamsamehe. Nilimpigia Madamu. Akauliza, "Unakata rufaa?" Nikasema hapana. Akasema, "Umekua."

Nilikwenda kidato cha tano mbali na nyumbani. Nikiwa huko nikasikia amehamishwa. Wapo waliosema ni adhabu, kwamba mtu anayeleta bomba kabla ya kibali hawezi kuachwa sehemu moja muda mrefu. Sijui. Najua tu kwamba likizo hii, nikirudi, gari liliharibika tairi Makanya, kwenye barabara kuu, katika joto linalomfanya mtu wa mlimani ajute kuzaliwa na ngozi. Nikashuka kutafuta maji. Kwenye genge la pembeni alikuwepo mwanamke mfupi, raba zake nyeupe kwa vumbi la jasi, akibishana na muuzaji juu ya malimau.

"Shikamoo, Madamu."

Hakugeuka. "Kwa lugha niliyokufundisha."

Nikamsalimia kwa Kifaransa, nimesimama, na kwa bahati nilikuwa na ndoo ya konda mkononi. Genge zima likanitumbulia macho. Madamu akageuka, akanipima kutoka viatuni mpaka kichwani, akasema, "Pua yako imeziba. Ni kwa sababu huku ni tambarare."

Tukakaa kwenye kreti za soda. Akaniambia habari za shule yake mpya. Wanafunzi wana akili, lakini wameshaambiwa kwamba sayansi ni ya watoto wa mlimani, wao wakazane na mengine. Chumba cha maabara kipo, kimejaa magunia. Maji yapo upande wa pili wa reli. Mambo ni yale yale, tofauti ni joto. Alikuwa amezeeka kidogo mabegani, na nilitaka kumwambia apumzike, lakini ni mtu wa kumwambia hivyo?

"Wazazi je?" nikauliza.

"Wazazi wametoka kila mkoa. Walikuja mashamba ya mkonge, machimbo ya jasi. Nimeita kikao kwenye simu. Kila mmoja akadhani ameitwa mwenzake. Wamenitumia vidole gumba." Akachomoa limau moja kwenye mfuko, akalinusa. "Ile pembe ipo?"

"Mama aliificha. Tangu siku ile hajawahi kuitaja. Hata kunigombeza hajanigombeza, Madamu, na ndicho kinachoniogopesha."

"Mwambie nimeiulizia."

"Lakini watu wa hapa pembe hawaijui. Ikilia watashangaa tu."

"Watatoka nje kushangaa," akasema. "Na wakitoka, nitakuwa nimesimama juu ya tofali."

Konda akaita ndoo yake. Madamu hakuaga. Alirudi kwenye malimau yake, na wakati gari linaondoka nilimwona bado anabishana, mkono mmoja hewani, muuzaji akianza kucheka kama mtu aliyekwisha kushindwa.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama jikoni anamenya tangawizi. Juu ya mlango msumari ulikuwa mtupu kama kawaida. Nilimsimulia yote: vumbi, magunia, maji ng'ambo ya reli, vidole gumba. Nikamwambia Madamu ameiulizia pembe. Mama akamenya kipande alichokuwa nacho mpaka kikaisha, akakiweka kwenye ungo, akajifuta mikono kwenye kanga. Halafu akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Iko darini, nyuma ya gunia la mbegu. Mpelekee. Ila makande, safari hii wajipikie wenyewe."